Pori Lile Lina Wenyewe

Tuseme hivi, ndugu msomaji. Siku moja mgeni anafika kijijini kwenu na gari. Anaingia ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji. Anasema anatafuta ekari 200 za kulima ufuta. Mwenyekiti anafikiri kidogo, halafu anajibu: "Ardhi ipo. Kule bondeni kuna pori tupu, halina mtu."

Je, ni kweli pori lile halina mtu?

Muulize mama anayekwenda huko kuokota kuni na kuchimba dawa. Muulize mzee aliyetundika mizinga ya nyuki. Muulize mchungaji anayepeleka ng'ombe huko wakati wa kiangazi. Kila mmoja atakuambia: "Hapana, pori lile ni letu." Lakini hakuna shamba pale. Hakuna nyumba wala ua. Mgeni akitazama, haoni kitu.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Watu wengi hudhani kwamba ardhi isiyolimwa haina mwenyewe. Katika makala hii tutaona jinsi mawazo hayo yalivyowapokonya watu ardhi yao. Pia tutaona jinsi watu fulani hapa Tanzania walivyoilinda ardhi yao kwa kutumia serikali ya kijiji. Watu hao ni Wahadzabe.

WAHADZABE NI AKINA NANI?

Wahadzabe wanaishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wengi wao wako katika bonde la Yaeda, Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara. Si watu wengi. Wote pamoja ni kiasi cha elfu moja na mia kadhaa tu. Lugha yao ina sauti za kugonga ulimi, na haifanani na lugha za majirani zao.

Tangu zamani Wahadzabe hawalimi wala hawafugi. Wanaume huwinda kwa upinde na mishale, na hurina asali. Wanawake huchimba mizizi ya kula, huokota ubuyu na huchuma matunda ya porini. Hukaa katika kambi ndogo, pengine watu 20 au 30. Chakula kikipungua mahali pale, huhamia mahali pengine. Baadaye hurudi.

Hawana mtemi wala chifu. Jambo likitokea, watu hukaa na kuzungumza mpaka waelewane.

Sasa fikiri. Mkulima huacha alama juu ya ardhi: matuta, mabua na ghala. Mfugaji naye huacha boma. Je, Mhadzabe huacha alama gani? Huacha majivu ya moto na kibanda cha nyasi. Mvua ikinyesha mara mbili, alama zote zimepotea. Lakini mbuyu ule anaujua. Chemchemi ile anaijua. Babu yake alikunywa maji pale pale.

ARDHI ILIVYOPUNGUA

Kwa miaka mingi ardhi ya Wahadzabe ilizidi kupungua. Wakulima walikuja wakafyeka miti na kulima. Wafugaji walikuja na mifugo yao, nao walikuwa wakitafuta maji na majani. Mifugo ilipozidi kwenye chemchemi, wanyama wa porini walikimbia. Miti ilipokatwa, nyuki nao waliondoka.

Tusiwalaumu wakulima na wafugaji bure. Wengi wao walikuwa maskini waliokosa ardhi mahali pengine. Walipofika Yaeda waliona pori, wakadhani halina mwenyewe.

Hata viongozi waliona hivyo. Katika miaka ya 1960 na 1970 serikali ilijaribu kuwaweka Wahadzabe katika makazi ya kudumu, kama pale Yaeda Chini, ili walime. Nia ilikuwa kuwapatia shule, dawa na chakula. Lakini wengi hawakukaa. Walirudi porini.

Mwaka 2007 kampuni moja ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilitaka kutumia bonde la Yaeda kwa uwindaji wa wageni. Wahadzabe walilalamika kwa nguvu. Habari zikaenea mpaka nchi za nje, na kampuni ile ikajiondoa.

Safari hiyo waliponea chupuchupu. Lakini mtu hawezi kuishi kwa kuponea chupuchupu kila mwaka. Walihitaji kitu cha kushika mkononi, ili akija mtu mwingine waweze kumwonyesha.

SHERIA INASEMAJE?

Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambayo ni Sheria Namba 5 ya mwaka huo. Ilianza kutumika mwaka 2001. Kila mtu anayeishi kijijini anafaa kuijua. Tuieleze kwa maneno machache.

Kwanza, sheria inataja mafungu matatu ya ardhi ya kijiji:

1. Ardhi ya pamoja, ambayo hutumiwa na wanakijiji wote. Kwa mfano msitu, malisho na visima.
2. Ardhi inayokaliwa au kutumiwa na mtu, familia au kikundi cha watu.
3. Ardhi ya akiba, ambayo kijiji kinaweza kuigawa baadaye.

Pili, sheria inatambua hakimiliki ya kimila. Maana yake ni haki ya kutumia ardhi kwa desturi za watu wa mahali pale. Haki hiyo ina nguvu sawa na ile hati ya ardhi inayotolewa mjini. Si haki ya daraja la pili.

Tatu, hakimiliki ya kimila si ya mtu mmoja mmoja tu. Kikundi cha watu kinaweza kuipata kwa pamoja. Shika sana jambo hili, maana ndilo lililowasaidia Wahadzabe.

Nne, mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu yeye ni mwanamke haina nguvu mbele ya sheria hii.

Sasa utauliza: je, Tanzania ina sheria ya peke yake kwa Wahadzabe, kwa kuwa wao ni wenyeji wa kale? Haina. Serikali ya Tanzania husema kwamba Watanzania wote ni wenyeji. Basi Wahadzabe walitumia sheria hii hii ambayo mimi na wewe tunayo.

NANI ANAGAWA ARDHI YA KIJIJI?

Watu wengi watakujibu: "Mwenyekiti." Wengine watasema: "Mtendaji wa kijiji." Majibu yote mawili si sahihi.

Halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi. Halmashauri ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Lakini hata halmashauri haina ruhusa ya kugawa ardhi peke yake. Ni lazima kwanza ipate kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni watu wote wa kijiji waliotimiza miaka 18, wake kwa waume. Ni mimi, ni wewe, ni yule bibi kizee wa nyumba ya mwisho.

Halmashauri ni kama mtu aliyepewa ng'ombe wa ukoo awachunge. Anaweza kuwapeleka malishoni na kuwanywesha maji. Lakini hawezi kuwauza bila kuwauliza wenyewe.

Kwa hiyo turudi kwa yule mgeni wa ekari 200. Mwenyekiti akimwambia "ardhi ipo, chukua", amevunja sheria. Jibu la haki ni hili: "Ndugu, karibu. Andika maombi. Halmashauri itayatazama, halafu tutayapeleka mkutanoni. Wananchi ndio watakaosema."

ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO

Lakini mkutano wenyewe unaweza kuwa na kasoro. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.

Tufikiri juu ya mkutano wa kijiji mahali kama Yaeda. Tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa ofisi. Mkulima wa jirani analiona. Mwenye duka analiona. Lakini Mhadzabe yuko kambini, mwendo wa nusu siku. Hajaliona tangazo, na pengine hajui kusoma. Siku ya mkutano inafika, watu wanahesabiwa, mikono inanyooshwa. Ardhi anayoishi Mhadzabe inagawiwa naye hana habari. Na kumbukumbu za mkutano zitaandikwa: "Wananchi wamekubali."

Je, kweli wananchi wamekubali?

Kwa sababu hiyo kuwashirikisha wananchi si kubandika karatasi tu. Kama watu wanahama, viongozi wawafuate kambini. Kama hawaelewi Kiswahili vizuri, atafutwe mtu wa kuwatafsiria. Kama ni msimu wa asali au wa kulima, siku ya mkutano isogezwe. Kama wanawake wamekaa nyuma kimya, mwenyekiti awaulize: "Mama, na ninyi mnasemaje?" Kazi hiyo inachosha, lakini kesi ya ardhi inachosha zaidi.

HATI YA MWAKA 2011

Wahadzabe wa Yaeda walisaidiwa na shirika moja la Arusha liitwalo Ujamaa Community Resource Team. Shirika hilo huwasaidia wafugaji, wawindaji na watu wengine wa vijijini kupata haki ya ardhi kwa pamoja. Edward Loure, Mmaasai wa Simanjiro, alipewa tuzo ya kimataifa ya Goldman mwaka 2016 kwa ajili ya kazi hiyo.

Haikuwa kazi ya siku moja. Mipaka ya ardhi ilibidi ijulikane. Ilibidi majirani wakubali kwamba mpaka unapita hapa, si pale. Ilibidi kijiji kipange matumizi ya ardhi: hapa ni pa kuishi, hapa ni malisho, na hapa ni msitu wa kuwinda na kuchimba mizizi.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda wakapata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja. Ilikuwa hati ya kwanza ya namna hiyo kwa jamii nzima katika Tanzania. Ardhi yenyewe ni zaidi ya hekta 20,000, yaani karibu ekari 50,000.

Ona maana ya jambo hilo. Kwanza lile pori "lisilo na mtu" sasa limeandikwa kwenye daftari, na limeandikwa kwamba lina wenyewe. Pili, hakuna aliyewaambia Wahadzabe walime kwanza ndipo watambuliwe. Kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi kumekubaliwa kuwa ni matumizi ya ardhi, sawa na kulima mahindi. Tatu, hati ni ya wote. Mtu mmoja akishikwa na njaa au tamaa, hawezi kuuza kipande chake peke yake.

Na faida nyingine ikafuata. Miti hunyonya hewa ya ukaa, ambayo ikizidi angani huongeza joto la dunia. Siku hizi kuna mashirika na makampuni ya ng'ambo yanayolipa fedha ili misitu isikatwe. Wahadzabe wa Yaeda waliingia katika biashara hiyo kwa kuulinda msitu wao. Fedha hizo zimesaidia kulipa walinzi wa msitu, matibabu na masomo ya watoto. Baadaye mpango huo ulipanuliwa ukaingiza vijiji vingine, pamoja na majirani zao wafugaji wa Kidatoga. Mwaka 2019 Wahadzabe walipewa Tuzo ya Ikweta, ambayo hutolewa na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Bila hati, nani angewalipa? Angeuliza kwanza: "Msitu huu ni wa nani?"

MAMBO KAMA HAYA NCHI NYINGINE

Mawazo ya "ardhi haina mtu" hayakuanzia Yaeda. Tuangalie Australia, nchi kubwa iliyo ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Waingereza walianza kuhamia huko mwaka 1788. Waliwakuta wenyeji weusi walioishi huko kwa maelfu na maelfu ya miaka. Hata hivyo wageni hao waliihesabu nchi ile kama haina mwenyewe, wakajitwalia.

Mwaka 1982 wenyeji wa kisiwa kidogo kiitwacho Mer walifungua kesi. Kiongozi wao alikuwa Eddie Koiki Mabo. Walisema: "Bustani hizi ni za babu zetu, na mipaka yake tunaijua." Kesi ilikwenda miaka kumi. Tarehe 3 Juni, 1992, Mahakama Kuu ya Australia ilikubali kwamba wenyeji walikuwa na haki juu ya ardhi yao hata kabla ya Waingereza kufika. Mzee Mabo hakuisikia hukumu hiyo. Alikuwa amekufa mwezi wa Januari mwaka ule ule.

Siku hizi halmashauri nyingi za miji na wilaya za Australia, zikifungua mkutano, hutamka kwanza majina ya wenyeji wa kale wa mahali pale na kuwapa heshima. Ni desturi nzuri. Mtu akitajwa mbele ya watu, hawezi tena kuambiwa kwamba hayupo. Lakini wenyeji wengine wa huko husema: "Maneno tumeyasikia, ardhi je?" Wana haki ya kuuliza. Heshima ya mdomo haina nguvu kama haikufuatwa na mpaka, daftari na kiti mkutanoni.

HATI NAYO INA MIPAKA YAKE

Tusidanganyane. Hati haizuii kila kitu.

Sheria inampa Rais uwezo wa kuhamisha ardhi ya kijiji kwa ajili ya manufaa ya umma. Kama eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Kama linazidi hekta 250, Waziri ndiye anayeamua, lakini ni lazima kwanza atazame maoni ya kijiji. Na wenye ardhi wana haki ya kulipwa fidia.

Tena, hati haimkamati mtu anayekata miti usiku. Walinzi ndio humkamata, na wananchi ndio hutoa habari. Hati iliyofungiwa sandukuni bila kulindwa italiwa na mchwa, na ardhi nayo italiwa na watu.

Hata hivyo, mwenye hati na asiye na hati si sawa. Asiye na hati husimama mbele ya ofisa akiomba huruma. Mwenye hati husimama akidai haki yake.

KIJIJINI KWENU JE?

Pengine kijijini kwenu hakuna Wahadzabe. Lakini pori lipo. Malisho yapo. Kisima kipo, na makaburi ya wazee yapo. Basi fanyeni haya:

1. Ulizeni ofisini kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji, na mipaka yake ni ipi.

2. Ulizeni ni maeneo gani yaliyotengwa kuwa ardhi ya pamoja, na kama yameandikwa katika daftari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Kabla ya kuita eneo lolote "pori tupu", waiteni watu wanaolitumia. Msiwasahau wachungaji, warina asali, wachimba dawa na wanawake waokota kuni.

4. Hudhurieni mkutano mkuu wa kijiji. Ukisikia ardhi inagawiwa, simama uulize kwa heshima: "Ndugu mwenyekiti, mkutano ulikubali lini? Tusomee kumbukumbu."

5. Kukiwa na ugomvi wa mpaka, nendeni kwanza kwenye baraza la ardhi la kijiji. Baraza hilo lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha.

6. Hati ya kimila ikiandikwa, mwenye ardhi huweka sahihi au alama yake. Wewe uliyemaliza kisomo, usitie dole gumba kwa haraka. Soma kwanza: jina ni sawa? Majirani wametajwa sawa? Mipaka ni sawa? Ukimaliza kusoma, ndipo utie sahihi. Na jirani yako asiyejua kusoma, msomee.

Sasa yule mgeni wa ekari 200 bado amekaa ofisini anangoja jibu. Pengine ni mtu mwema. Pengine kijiji kitamkubali na kumpa mahali pengine pa kulima. Lakini jibu litoke chini ya mwembe, mbele ya watu wote, na yule mzee wa mizinga na yule mama wa kuni wakiwapo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kijijini kwetu ni eneo gani linaloitwa "pori tupu"? Nani hulitumia?

2. Katika mkutano wetu uliopita, ni watu gani hawakuwapo? Kwa nini?

3. Nani anaruhusiwa kutoa kibali cha kugawa ardhi ya kijiji?

4. Hati ya pamoja ina faida gani kuliko hati ya mtu mmoja mmoja? Ina shida gani?